Sura ya 72 au Sura ya 333? Karatasi tatu za wilaya moja zinanichanganya

Mtafuta_Faili

Wakuu, heshima kwenu. Nina nakala za karatasi tatu, zote za wilaya moja ya Usukumani, na haziingiliani.

Ya kwanza ni ya 1954. Ni amri kwamba kila mlipa kodi alime kwa matuta ya kufungia maji na awe na shamba la muhogo kama akiba ya njaa. Imetiwa saini na mtemi, na inataja Sura ya 72, kifungu cha 8. Ya pili ni ya 1955, dondoo la kesi ya baraza (mahakama ya wenyeji): mtu kapigwa faini kwa kuvunja amri ileile, na hakimu ni mtemi yuleyule. Ya tatu ni ya 1958, sheria ndogo ya ushuru. Hii inataja Sura ya 333, na aliyeitoa si mtemi tena bali "halmashauri".

Ninavyojua mimi, Sheria ya Serikali za Mitaa, hiyo Sura ya 333, ilitungwa 1953. Sasa vipi mtemi mwaka 1954 bado anatoa amri kwa sheria ya 1926, hiyo Sura ya 72? Aliyetoa amri anahukumuje kesi ya amri yake mwenyewe? Faini ilikwenda wapi? Halafu vitabu vya Kenya vinataja LNC (Mabaraza ya Wenyeji ya Mtaa) na baadaye ADC (Mabaraza ya Wilaya ya Kiafrika). Ni mambo hayohayo kwa majina mengine?

Naomba majibu yenye miaka na utaratibu. Kwamba mkoloni alikuwa mkandamizaji hilo tumeshalikubali.

---

Karani_wa_Boma

Mkuu, karatasi zako ziko sawa kabisa. Kilichokupoteza ni kudhani kwamba sheria mpya ikipita Dar es Salaam, ile ya zamani inakufa siku hiyohiyo kule wilayani. Sura ya 333 haikuifuta Sura ya 72. Zilikwenda pamoja karibu miaka kumi, wilaya moja huku, jirani yake kule.

Tuanze na ile ya 1926. Kabla yake kulikuwa na sheria ya 1921 ya enzi za Gavana Byatt, nyepesi, iliyomwacha jumbe kama mtumwa wa boma tu. Gavana Donald Cameron alifika 1925 akitokea Nigeria, alikokuwa Katibu Mkuu wa Serikali, na mwaka uliofuata akaleta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, Na. 18 ya 1926. Namba "Sura ya 72" unayoiona imetokana na toleo la sheria zilizorekebishwa la 1947, kwa hiyo karatasi za kabla ya hapo hazitaitaja hivyo. Na usiende kuitafuta kwenye toleo la 2002, humo namba zimepangwa upya.

Sheria hiyo haikuanzisha baraza. Ilimtambua mtu, au watu. Gavana anatangaza kwamba fulani ndiye mamlaka ya wenyeji kwa eneo fulani, basi. Mamlaka hayo yaliweza kuwa mtemi mmoja peke yake, mtemi na washauri wake, au watemi kadhaa wakikaa kama shirikisho. Usukumani mlikuwa na ngazi zote: mtemi kwake, na juu yake, tangu miaka ya 1940, shirikisho la watemi takriban 50 lenye makao Malya. Kwa hiyo ukikuta karatasi, usiishie kusoma "mamlaka ya wenyeji". Angalia ni ya ngazi ipi, kwa sababu amri ya Malya ilifika kila utemi na ya mtemi mmoja iliishia mpakani mwake.

Sasa kifungu cha 8. Hapo kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: amri na kanuni.

Amri ilitolewa kwa mambo yaliyoorodheshwa kwenye sheria: pombe, kamari, kubeba silaha, kukata miti, kuchoma nyasi, kuchafua maji, maradhi ya kuambukiza, watu kuhama eneo, kulima chakula cha kutosha, na mengine yaliyoongezwa baadaye kama mmomonyoko wa udongo. Amri haikuhitaji Gavana. Mtemi anaitangaza kwa njia ya kawaida ya eneo lake, hata kwa mbiu, na inaanza kufanya kazi. Boma liliweza kuifuta baadaye, lakini halikulazimika kuipitisha kwanza. Kanuni ilikuwa pana zaidi, iligusa jambo lolote la amani na ustawi, ila haikuwa na nguvu mpaka Gavana aikubali. Ndiyo maana mambo mazito ya kilimo yalisukumwa kwenye kifungu cha 8. Ilikuwa njia fupi.

Na usidanganyike na saini. Sheria ileile ilimpa ofisa wa serikali uwezo wa kumwagiza mtemi atoe amri, na mtemi akikaidi, ofisa aitoe mwenyewe. Kwa hiyo amri ya matuta yenye saini ya mtemi mara nyingi imeandikwa na bwana shamba, ikapita kwa DC (mkuu wa wilaya), ikaja kwa mtemi ikiwa imeshapigwa chapa. Alama yake ni lugha: ukiona vipimo vya futi na yadi na majina ya mbegu, hayo hayakutoka ikulu ya mtemi.

Kitu cha mwisho, na kwangu ndicho muhimu kuliko vyote: mamlaka ya wenyeji yalikuwa na nguvu juu ya Waafrika tu. Mwenye duka Mhindi aliyekaa katikati ya utemi hakuguswa na amri ya mtemi, wala mlowezi, wala kampuni ya mgodi. Na mji wowote uliotangazwa chini ya Sheria ya Miji, Sura ya 101, ulikatwa nje ya ramani ya mtemi. Pale mtawala alikuwa DC, na liwali chini yake kwa ajili ya Waafrika wa mjini. Shimo hilo ndilo lililokuja kuzaa Sura ya 333.

Hiyo ya 1953 ilijengwa kinyume. Haikumtambua mtu, iliunda chombo: baraza lenye mhuri wake, linaloweza kushtaki na kushtakiwa, lenye uwezo juu ya wakazi wote wa eneo, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Lakini sheria yenyewe haikuanzisha baraza hata moja. Ilisema tu kwamba baraza *linaweza* kuanzishwa, kwa hati maalumu, eneo kwa eneo. Bila hati, wilaya yako iliendelea na Sura ya 72 kama kawaida. Hivyo 1954 mtemi wako alikuwa ndani ya sheria, na 1958 halmashauri nayo ilikuwa ndani ya sheria. Katikati ya miaka hiyo kuna hati. Itafute, ndiyo karatasi yako ya nne.

---

Beit_el_Mal

Karani kamaliza upande wa vifungu. Mimi nizungumzie faini, maana fedha haidanganyi.

Hazina ya wenyeji, ambayo karatasi nyingi za zamani huiita beit-el-mal, ndiyo iliyofanya mpango wa Cameron uwe na meno. Kabla yake chifu aliishi kwa kilemba, siku za kazi kwenye shamba lake, ng'ombe, pembe, pombe. Cameron alivipiga marufuku vyote hivyo. Thamani yake ikageuzwa kuwa fedha ndani ya kodi, na chifu akaanza kulipwa mshahara. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilikusanywa na majumbe, au wanangwa kwenu Usukumani, ikaingia serikalini, kisha sehemu ikarudishwa kwenye hazina ya wenyeji. Juu ya hapo hazina ilikuwa na mapato yake: ushuru wa soko, leseni za pombe, vivuko, na, sikiliza vizuri, ada na faini za baraza.

Jibu la swali lako ndilo hilo. Faini ya 1955 iliingia hazina ileile iliyomlipa mtemi mshahara, pamoja na karani na tarishi wake. Mtemi hakuitia mfukoni (au hakutakiwa kuitia), lakini hazina yake ilinenepa kwa kila aliyetiwa hatiani. Ukipata makadirio ya mwaka ya hazina yoyote, angalia mstari wa faini na ada kwanza, kisha mstari wa mishahara. Sehemu nyingi mishahara ya machifu na majumbe ilimeza fungu kubwa kuliko zahanati na barabara zikiwekwa pamoja.

Kuhusu mtemi kuwa hakimu wa amri yake: hapo soma Sheria ya Mabaraza ya Wenyeji ya 1929. Kabla ya mwaka huo mabaraza yalikuwa chini ya Mahakama Kuu. Cameron aliyatoa huko na kuyaweka chini ya utawala. Rufaa ikawa inapanda kwa mtawala wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo, mpaka kwa Gavana, bila kupitia kwa jaji. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Majaji walilalamika sana, bure. Sasa weka mambo mawili pamoja: amri iliyo nje ya orodha ya kifungu cha 8 ilikuwa batili kisheria, lakini mshtakiwa angeisema wapi, mbele ya nani, akitetewa na nani? DC aliyesikiliza rufaa ndiye aliyeagiza amri itolewe.

Mwaka 1951 ilikuja Sheria ya Mahakama za Mitaa, Sura ya 299, ikabadilisha majina na kuongeza Mahakama Kuu ya Rufaa ya mabaraza hayo, tofauti na Mahakama Kuu ya nchi. Pale chini mtemi aliendelea kukaa kitini. Kwa hiyo dondoo lako la 1955 lazima litaje Sura ya 299 kama karani alikuwa makini. Kutenganisha kiti cha hakimu na kiti cha mtawala kulifanyika wilaya kwa wilaya katika miaka ya mwisho ya mkoloni, na kukakamilika na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kazi Julai 1964.

---

Udongo_Mwekundu

Niongeze jambo moja kwenye hayo ya matuta, maana watu huandika kana kwamba wananchi walikataa sheria kwa sababu ni sheria ya mkoloni tu.

Chukua Uluguru. Amri ilitolewa kwa Sura ya 72, kupitia kwa sultani wa Waluguru, watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Kwenye karatasi ilionekana kilimo bora. Kwenye mlima, udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu udongo mfu wa chini. Mvua ikija, ngazi iliyoshiba maji inaporomoka na shamba zima. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nyingi za mwaka, na mavuno yakashuka. Mwaka 1955 kule Matombo kukazuka vurugu, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Linganisha na Usukumani, ambako tambarare ni nyingi: matuta ya kufungia maji hayakuharibu udongo, ila yalidai kazi zaidi wakati uleule wa pamba. Watu walichukia wingi wa amri kuliko amri moja. Matuta, samadi, muhogo, kung'oa mabua ya pamba, hesabu ya ng'ombe, kila moja na faini yake.

Kosa la kisheria lilikuwa hapa: amri ya kifungu cha 8 ilitolewa kwa utemi mzima, kipimo kimoja kwa mteremko na bonde, mchanga na mfinyanzi. Sheria haikumlazimisha mtu yeyote kuuliza kwanza, na asiyelazimishwa kuuliza hakuuliza. Lawama ikamwangukia aliyetia saini. Kati ya 1926 na 1950 chifu alikuwa kinga ya boma. Kufikia 1955 kinga hiyo imetoboka.

---

Mwana_wa_Ghuba

Wakuu, mnaieleza Sura ya 333 kana kwamba ililetwa kuziba shimo la kisheria. Karani, shimo lilikuwapo kweli, lakini ukiishia hapo unamnyima huyu ndugu nusu ya habari.

Chanzo cha mbali ni waraka wa Creech Jones, Waziri wa Makoloni, wa tarehe 25 Februari 1947, uliotumwa kwa magavana wa Afrika. Aliwaambia waache kutegemea machifu na wajenge serikali za mitaa zenye ufanisi, za kidemokrasia, zilizo karibu na watu. Baada ya hapo sheria zilifuatana: Uganda 1949, Nigeria ya Mashariki 1950, Gold Coast (Ghana ya leo) 1951, ambako theluthi mbili ya madiwani walichaguliwa na theluthi moja wakabaki wa jadi. Tanganyika ikaja nyuma, na ikaja na kitu chake: Gavana Twining hakutaka uchaguzi wa wengi, alitaka baraza la rangi zote. Profesa Mackenzie aliyeletwa kama kamishna maalumu alitoa ripoti yake 1953, mwaka uleule wa sheria.

Kanda ya Ziwa ndiyo iliyofanywa shamba la majaribio. Baraza la Kaunti la Kusini Mashariki mwa Ziwa, makao Mwanza, lilianza 1955. Lilikuwa kubwa mno, lilikusanya wilaya kadhaa, halikuwa na mapato ya maana wala kazi ambayo wilaya au jimbo halikuwa likiifanya tayari. Lilikufa kabla ya uhuru na hakuna aliyelia.

Kisha yakaja marekebisho ya 1957 na mabaraza ya wilaya ya rangi zote. Geita ndiyo mfano. Wilaya yenye Wazungu na Waasia wachache ikapewa baraza ambalo viti vyao vimewekwa ndani ya hati. Wakati huohuo serikali ilikuwa imekataa kusajili matawi ya TANU Usukumani tangu 1954. Mwaka 1958 watu wakakusanyika kwa maelfu, wakavuka hadi Mwanza mjini kudai baraza liondolewe. Wakapigwa mabomu ya machozi, baadhi wakafungwa. Gavana Turnbull, aliyeingia mwaka huohuo, alirudi nyuma, na lazima ya rangi zote ikaachwa.

Kwa hiyo karatasi yako ya 1958, kama ni ya Geita au jirani yake, isome ukijua hivyo. Ushuru uliotungwa na baraza ambalo watu wamelikataa haukusanyiki, hata kama hati yake haina doa. Angalia kama kuna makusanyo nyuma ya hiyo sheria ndogo. Isije ikawa ni karatasi tupu.

---

Karani_wa_Boma

Mwana_wa_Ghuba, nimekubali, nusu hiyo niliiruka. Ila nishikilie moja: Newala, Lindi na kwingine kusini kulikuwa na haja ya baraza bila habari ya rangi. Kule hakukuwa na watemi. Mjerumani aliweka maakida, Mwingereza akawaondoa 1926 akitafuta machifu, akawakosa, akaunda mabaraza ya majumbe yasiyo na mkubwa, mwishowe akarudisha maliwali. Sheria ya 1926 ilidai mtu wa kumtambua hata pale ambapo jadi haina mtu huyo. Kwa watu wa kusini, baraza la Sura ya 333 lilikuwa afadhali.

Na kwa Mtafuta_Faili: baraza likishaanzishwa, mtemi hakuondolewa. Aligawanywa. Fedha na kutunga sheria ndogo vikaenda barazani, na yeye akabaki na usalama na utawala wa kila siku chini ya sheria nyingine ya 1953, Sheria ya Machifu wa Kiafrika, Sura ya 331. Ndiyo maana baada ya 1955 utakuta mtemi yuleyule anatia saini karatasi mbili kwa vyeo viwili. Wilaya zilizobaki na Sura ya 72 zilimaliziwa na serikali huru mwaka 1962, zote zikapewa halmashauri za wilaya. Mwaka 1963 nguvu za machifu zikafutwa kwa sheria.

---

Kamusi_ya_Bara

Salamu kutoka Kenya. Jibu la swali lako la mwisho: majina yanafanana, mwili si mmoja.

Huku hatukuanza na chifu wa jadi. Sheria ya Vichwa vya Vijiji ya 1902 na ile ya Mamlaka za Wenyeji ya 1912 zilimfanya chifu kuwa mtumishi wa serikali, ameteuliwa, analipwa, anafukuzwa. Hakuwa na hazina yake. LNC, yaani Baraza la Wenyeji la Mtaa, lilikuja kwa marekebisho ya 1924, na ya kwanza yakaanza 1925. Mwenyekiti ni DC. Wajumbe wengine waliteuliwa, wengine walipendekezwa na watu kwenye baraza la hadhara. Azimio lolote la LNC lilihitaji kibali cha juu. Kwa hiyo Tanganyika ilikuwa na mtu mwenye hazina. Kenya ilikuwa na baraza bila mtawala wake. Ukihamisha hoja ya nchi moja kwenda nyingine bila kuangalia hilo, umeteleza.

Fedha ya LNC ilitoka kwenye kodi ya ziada iliyojitoza lenyewe, mbali na ya serikali, na humo ndimo wajumbe walipopata sauti. Mabaraza ya Nyeri, Kiambu na Fort Hall yalichanga fedha za shule mwishoni mwa miaka ya 1920, wakitaka shule zisizo za misheni. Serikali iliwaruhusu kuchanga, ikasita kuruhusu matumizi. Huo mchezo wa kukubali mapato na kukataa matumizi utauona kwenye mafaili mengi, na ni rahisi kuukosa ukisoma upande mmoja wa hesabu.

Mfano wa nguvu halisi ya LNC ni Kakamega. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi, yaani iliyotengewa Waafrika, ikichukuliwa, LNC lijulishwe na ardhi nyingine ya thamani hiyo itolewe badala yake. Dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ikarekebishwa kwa haraka: kwa machimbo, LNC lisijulishwe, na fidia iwe fedha. Ahadi ilidumu miaka miwili.

LNC ziligeuzwa ADC kwa Sheria ya Mabaraza ya Wilaya ya Kiafrika ya 1950. Pembeni yake Wazungu walikuwa na mfumo wao kutokana na Tume ya Feetham, sheria mbili za 1928, moja ya manispaa na moja ya mabaraza ya wilaya za walowezi. Hizo njia mbili hazikukutana mpaka Kanuni za Serikali za Mitaa za 1963, ambazo ndizo zilikuja kuwa Sura ya 265. Na tofauti kubwa na kwenu ni hii: ninyi mliwafuta machifu 1963. Sheria yetu ya Mamlaka za Wenyeji ya 1937 iliendelea na jina jipya, Sheria ya Mamlaka ya Chifu, Sura ya 128, na meno yake mengi hayakung'olewa mpaka mageuzi ya 1997. Amri za kulima, kukusanyika, kupika pombe, zote zilikuwamo.

---

Mtafuta_Faili

Shukrani sana wakuu. Nimeirudia karatasi ya pili na kweli juu yake kuna "299", nilidhani ni namba ya faili. Ya tatu haina tarehe ya kuanza kutumika wala namba ya tangazo. Ina mhuri wa halmashauri na saini ya mwenyekiti tu. Hilo lina maana gani? Na hati ya kuanzisha naitafutia wapi?

---

Karani_wa_Boma

Lina maana kubwa. Sheria ndogo ya Sura ya 333 ilipitia hatua hizi: baraza linapitisha, rasimu inabandikwa wananchi waone, inapanda kupitia kwa DC na mkuu wa jimbo hadi kwa mwenye dhamana ya serikali za mitaa Dar es Salaam, inaidhinishwa, kisha inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya GN (Tangazo la Serikali). Karatasi yenye mhuri na saini bila GN ni rasimu iliyopita barazani. Huenda ilikubaliwa baadaye, huenda ilirudishwa. Zilizorudishwa ni nyingi, na sababu za kawaida ni mbili: ushuru umetozwa kitu ambacho serikali kuu tayari inakitoza, au baraza limeweka adhabu kubwa kuliko sheria inavyoruhusu.

Anza na Gazeti la Serikali, nyongeza ya sheria ndogo, kuanzia mwezi wa karatasi yako na miezi kumi na minane mbele. Usisake kwa jina la ushuru, saka kwa jina la halmashauri kwenye faharasa ya mwaka. Ukishapata GN ya sheria ndogo, utangulizi wake mara nyingi utakutajia hati ya kuanzisha. Kutoka hapo unarudi nyuma. Ukianza na hati yenyewe utachoka, kwa sababu baadhi ya mabaraza yalibadilishwa jina na mipaka mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Mafaili ya jimbo na wilaya yapo Idara ya Nyaraka za Taifa. Omba pia Vitabu vya Wilaya kwenye filamu ndogo. Humo maofisa waliandika nani alitambuliwa kuwa mtemi, lini, na mshahara wake. Kama faili la upande wa huku limepotea, mawasiliano ya Gavana na London yapo Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mfululizo wa CO 691.

---

Beit_el_Mal

Kabla hujaenda kwenye Gazeti, geuza hiyo karatasi ya tatu uangalie nyuma. Makarani walikuwa wakiandika kwa penseli tarehe iliyorudi kutoka jimboni, na neno moja tu, imekubaliwa au irekebishwe.

---

Mtafuta_Faili

Nyuma haikutolewa nakala. Naenda kuomba faili lenyewe.